Mtoto Wangu Hana Mawimbi

Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Msicheke. Nimekatiwa keki, nimevishwa kanga mabegani, nimekabidhiwa saa ya ukutani yenye taa za rangi tatu, na mgeni rasmi amenitakia uzee mwema. Mwanangu Nyemo ana meno mawili na mama yake ni mstaafu.

Kwenye karakana yetu hapa Makole anayestaafu huacha kumbukumbu kwa wanaobaki. Za waliotangulia zipo juu ya kabati la vipuri, na nilipokuwa mgeni nilizisoma zote. Nyingi zinaanza kwa kumshukuru Mungu na uongozi wa karakana. Mimi namshukuru Mungu.

Devota, Amani, wadogo zangu, hii ni yenu. Msome hadi mwisho, kwa sababu mbuzi wangu mlimla hadi mwisho.

Nilifika karakana nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya umeme, na viatu vya dada yangu. Aliyenipokea ni bosi, Injinia Mapunda, ambaye karakana ni yake. Ni mtu mwema. Naandika hilo mapema kwa sababu mbele huko sitapata nafasi. Alinionyesha meza, akanionyesha choo, akanikabidhi kwa fundi mkuu, Mzee Chibago.

Mzee Chibago mnamfahamu kama mzee wa kahawa na kofia. Mimi nilimkuta akiwa bado mkali. Ametokea Zuzu, ametengeneza redio tangu enzi ambazo redio ilikuwa na kabati lake sebuleni, na hakuwa na haraka na mtu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kusikiliza?"

"Najua."

"Kila mtu anasema anajua." Akatoa redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Iweke katikati ya stesheni, pale pasipo na mtu anayeongea. Zunguka nayo karakana nzima. Ukirudi uniambie nani anapiga kelele."

Nilidhani ananifanyia ule mzaha wa wageni. Nikazunguka. Karibu na bomba la maji, kimya. Karibu na feni, mnong'ono kidogo. Karibu na taa mpya za ofisini, redio ikaanza kukwaruza. Nilipopita meza ya bosi ikanguruma kama paka wawili wamefungiwa kwenye gunia. Nikashtuka, nikarudi nyuma, ikanyamaza. Nikasogea, ikanguruma.

Nikarudi kwa Mzee. "Ni chaja ya simu ya bosi."

"Umesikia vizuri," akasema. "Sasa jifunze kutosema kwa sauti."

Hilo la pili sikujifunza.

Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo ndugu zangu hadi leo hawajui ni kazi gani. Mama yangu kule Ihumwa huwaambia watu natengeneza simu. Nawaambia ninyi kwa lugha ya nyumbani. Kila bodi ya umeme ina njia zinazopeleka chakula kwa vile vidude vyeusi: njia ya volti tano, ya volti tatu na kitu, ya kumi na mbili. Chakula hicho kinatakiwa kiwe laini kama uji wa mtoto. Lakini vifaa vinavyogeuza umeme vinafanya kazi kwa kuwasha na kuzima haraka mno, na kule kuwasha na kuzima kunamwaga mchanga ndani ya uji. Mchanga ndio kelele za mawimbi. Mita ya kawaida haiuoni. Utaweka mita, itakuambia volti tano, safi kabisa. Inakudanganya kwa adabu. Huku nje bodi inachanganyikiwa, pampu inasimama, na mwanakijiji analaumu fundi.

Kuuona mchanga ndiyo kazi ya Bibi.

Bibi mnamjua, ile mashine ya kupima mawimbi. Bosi aliinunua ikiwa imeshatumika ughaibuni, ikaja imeviringishwa kwenye godoro. Tuliiita Bibi kwa sababu haiongei kabla haijapata joto, ina kioo cha kijani kinachofanya kila mtu aonekane mgonjwa, na haiwezi kabisa kula kitu kigumu. Kitu kigumu kwa Bibi ni umeme wa DC, ule wa betri, usiopanda wala kushuka. Ukichukua waya kutoka kwenye njia ya volti ishirini na nne ukamtia mdomoni moja kwa moja, umemuua. Hakuna moshi, hakuna mlio. Anabaki anakuangalia na kioo chake, ila hasikii tena, na bei ya kumzibua masikio ni bei ya pikipiki.

Kwa hiyo Mzee alinikalisha kitako, akanifundisha kumlisha. Kwanza mita ya kawaida, ujue kuna volti ngapi pale unapotaka kugusa. Usiamini maandishi ya kwenye bodi, walioandika hawapo. Pili kapasita kwenye waya wako, ili DC ibaki nje na mawimbi yapite. Hapa ndipo wengi wenu mnaposimama, mkidhani mmemaliza. Hamjamaliza. Pale unapogusa, kapasita yenyewe inajaa kwa ghafla, na ule mshtuko wa kujaa unapita hadi kwa Bibi. Kwa hiyo kati yake na kapasita weka kipunguzi, yaani kile kichuma kinene kama kidole gumba, na Bibi mwenyewe mpandishe upunguzaji hadi mwisho. Gusa. Angalia. Halafu ndiyo unashusha, kidogo kidogo, kama unavyompa mtoto pilipili.

Na waya wa ardhi uwe mfupi. Nasema mfupi. Ule waya mrefu wenye kibanio cha mamba ni antena. Utapima redio ya mtaa wa pili useme ni bodi. Chomelea waya wako pale pale kwenye miguu ya kapasita ya bodi, ardhi yake ikiwa jirani yake. Kabla ya kuamini chochote, pima ardhi kwa ardhi: nyaya zako zote mbili, wa kupimia na wa ardhi, zigusishe sehemu moja ya ardhi ya bodi. Pale hapatakiwi kuwa na kitu. Ukiona kitu, hicho hakitoki kwenye bodi, kinatoka hewani. Shikeni hili la ardhi kwa ardhi. Mimi limenistaafisha.

Kuhusu kibanio cha mamba, muulizeni Issa. Issa ndiye anayefunga mitambo yetu vijijini, Mrangi wa Kondoa, mtu mwenye sauti ya mnadani. Yeye na Mzee Chibago wanataniana tangu asubuhi hadi jioni. Kama wazee wa Kirangi na wa Kigogo hawakuwahi kupanga utani huo, karakana imewapangia. Siku moja alikibana kile kibanio upande wa umeme wa ukutani wa bodi ya chaja, wakati mashine ya kupimia nayo imechomekwa ukutani. Ukalia mlio mmoja. Tulipofumbua macho Issa alikuwa ameshika waya mtupu.

"Kibanio kiko wapi?" akauliza.

"Kimerudi Kondoa," Mzee akamjibu. "Kimeona huku kuna wajinga."

Vumbi la kile kibanio lipo hadi leo kwenye dari. Upande ule haubanwi ardhi, kamwe, mpaka bodi iwe inalishwa na betri au na transfoma ya kutenganisha. Na mkono mmoja mfukoni. Pete mvue. Na msimu ule wa upepo mkavu, ukivua sweta tu nywele zinasimama, vaeni mkanda wa mkononi kabla hamjagusa bodi. Dodoma hii vumbi peke yake lina umeme.

Sasa nije kwenye Banda.

Mawimbi ya mji mzima yakiingia kwenye vipimo huwezi kujua lipi la bodi na lipi la jirani. Kwa hiyo bosi na Mzee walijenga kile chumba cha bati nyuma ya stoo. Jaribio la kwanza lilikuwa la wavu wa kuku, ndipo jina la Banda lilipotoka. Baadaye wakaweka bati pande zote, sakafu hadi dari, na utepe wa shaba kuzunguka mlango. Ukifunga mlango, simu yako inakufa. Mzee akafunga balbu moja ya zamani ya nyuzi, ile inayopasha joto kuliko inavyoangaza, kwa sababu balbu ya nyuzi haina kelele. Ndani ya Banda hakuna bodaboda, hakuna mashine ya kusaga, hakuna spika za duka la jirani. Ni mahali penye utulivu kuliko pote Makole, na nadhani mmeshajua naelekea wapi.

Nilimzaa Nyemo, likizo ikaisha. Baba yake ni dereva wa lori. Mtoto anamjua zaidi kwa picha ya simu. Mama yangu ana shamba lake la zabibu Ihumwa na magoti mabovu, hawezi kukimbizana na mtoto. Binti wa kazi niliyempata aliondoka na mkoba wangu. Nikamfuata bosi nikamwambia wazi: naja na mtoto, au siji.

"Njoo naye," akasema. Nimeshawaambia ni mtu mwema.

Nyemo hakuweza kulala karakanani, kelele zile za kusaga na kugonga. Siku nilipomwingiza Banda nikiwa na bodi ya kupima, nikafunga mlango, alifumba macho kama mtu aliyezimwa swichi. Kuanzia hapo godoro lake dogo likawa kwenye kona, matundu ya hewa yapo juu yake, mimi mezani na Bibi. Akiamka namnyonyesha, akilala napima. Mzee Chibago alikuwa akiingia kwa vidole vya miguu, anampunguzia mwanga. "Mbukwa, Nyemo," anamnong'oneza salamu ya kwao, kana kwamba anamsalimia mtemi. Mambo yangu yote yalikuwa yamekaa juu ya lile godoro. Nyemo akitoka Banda, mimi natoka kazini. Nilikuwa sina mlango mwingine.

Ndipo ikaja kazi ya vidhibiti vya pampu za jua, vile vya visima vya vijijini. Mteja alitaka kelele kwenye njia ya volti tano iwe chini ya mstari fulani, kila bodi ipimwe, moja moja. Nikapima. Asubuhi, kabla sijamlaza Nyemo, bodi zinapita, mstari umelala kama mbwa kivulini. Mchana bodi zile zile, meza ile ile, mlima. Mlima mkubwa upande wa kushoto wa kioo na vilima vidogo vikiufuata kama watoto wa kuku. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kapasita. Nikabadilisha bodi. Kesho yake asubuhi, kimya. Mchana, mlima.

Bosi akaanza kuja kusimama nyuma yangu. Mnajua anavyosimama, mikono nyuma, anapumulia kisogo cha mtu. Akasimama siku ya kwanza, siku ya pili, halafu akaniita nje.

"Mama Nyemo, tuongee kiutu uzima."

"Tuongee."

"Mlima unakuja mtoto akiwa amelala. Mtoto akiwa mgongoni kwako huku nje, hakuna mlima. Umeona?"

"Nimeona. Na jogoo akiwika jua linachomoza, lakini sijaona mtu akimchomeka jogoo kwenye umeme."

"Sisemi ni kosa lake. Ni maumbile. Mwili una chumvi, una maji. Mtoto ni maji matupu."

"Bosi, hata wewe ni maji."

"Mimi nimekomaa."

Nikamwambia twende tupime ardhi kwa ardhi. Tukaingia, Nyemo amelala, Mzee yupo kwenye kigoda anapepea nzi. Nikagusisha nyaya zangu zote mbili kwenye ardhi moja. Mlima ukabaki pale pale.

"Umeona? Haitoki kwenye bodi," nikasema. "Iko hewani."

Bosi akatikisa kichwa polepole. "Iko hewani," akasema. "Na humu hewani kuna nani?"

Akageuka akamwangalia mwanangu.

Wadogo zangu, nimefanya kazi na watu waliorusha fyuzi za mtaa mzima, lakini sijawahi kuona kitu kama kilichofuata. Injinia Mapunda, mtu mwenye shahada yake ukutani, alichukua kile kitanzi cha waya cha kunusia mawimbi, akakishusha juu ya mtoto wa miezi mitano. Juu ya kichwa, mlima. Juu ya tumbo, mlima. Kwenye nepi, mlima mkubwa zaidi kidogo, akaguna. Nyemo akafumbua macho, akakiona kitanzi, akacheka akataka kukila. "Mtoe nje," bosi akasema. Nikambeba nikatoka naye, na Mzee akabaki ndani akipangapanga vitu. Baadaye kidogo bosi akatoka amenyanyua mikono kama mhubiri.

"Kimya kabisa. Sayansi imesema."

Jioni ile mlango wa Banda ukaandikwa kwa rangi nyekundu: WATOTO HAWARUHUSIWI. WANA MAWIMBI. Devota, mwandiko ni wako. Naujua huo mkia wa herufi ya mwisho.

Hakunifukuza. Kumfukuza mama anayenyonyesha ni dhambi, alisema, na pia mke wake angejua. Akatafuta njia ya heshima, na njia ya heshima akaiona ni moja: nistaafu. Nikamwambia mtu hastaafu na miaka thelathini na moja. Akasema kustaafu si umri, ni kukamilisha. Nikamuuliza nimekamilisha nini. Akasema, "Safari." Kesho yake kamati ikaundwa. Mbuzi akanunuliwa mnadani akafungwa kwenye nguzo ya nyuma, akawa ananiangalia kila nikienda chooni. Vitenge vya sare vikapelekwa kwa fundi cherehani. Mgeni rasmi akapatikana, mjomba wa bosi, mtu ambaye hajawahi kuniona na aliyeambiwa nimetumikia kwa muda mrefu.

Nilikasirika mpaka maziwa yakapungua. Si mfano, yalipungua. Nililia kwa Mzee Chibago, nikamwambia Mzee, wewe unajua mtoto si chaja. Akasema, "Najua, mwanangu. Lakini mashine inaona kitu." Alikuwa ameinama kuliko siku zote. Alimpenda Nyemo, na kitu alichokiamini maisha yake yote, yaani kipimo, kilikuwa kinamwambia Nyemo ana kasoro.

Aliyetuokoa ni Issa, na hakukusudia. Alirudi kutoka vijijini siku moja kabla ya sherehe, akasoma ule mlango, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wagogo bwana! Yaani mtoto wenu mmoja tu anasimamisha pampu? Nyie mkikutana kumi si treni haipiti?"

"Nyamaza, wewe," Mzee akasema.

"Sinyamazi. Nipimeni mimi! Nataka kujua Mrangi ana mawimbi ya aina gani." Akaingia Banda akajilaza kwenye godoro la Nyemo. Miguu ilitokeza kuanzia magotini. Akajifunika kanga yangu usoni akaanza kulia, "Ng'aaa! Nataka nyonyo!" Ninyi wawili mlikuwa mlangoni mkicheka. Bosi alikuja kuangalia kuna nini, akasimama pale. Mimi sikucheka. Nilikuwa mezani nafunga nyaya za Bibi, na Bibi alikuwa bado amewashwa, kile kitanzi cha kunusia kikiwa mdomoni mwake.

"Usipige kelele, lala," Mzee akamwambia Issa, kwa kumkomoa. Kisha akafanya kile alichokuwa anakifanya kila siku mtoto akilazwa, bila hata kufikiri. Akanyoosha mkono akazima balbu ya nyuzi. Akatoa chini ya kigoda kile kitaa kidogo cha kuchaji, chenye kitufe cha kufifisha mwanga, akakiwasha, akakifichia nyuma ya godoro ili kisimpige mtoto machoni.

Mlima ukapanda kwenye kioo.

Issa alifunua kanga usoni. "Nini? Ninayo? Ninayo mawimbi?"

"Mzee," nikasema, "zima hicho kitaa."

Akanitazama. Akakizima. Giza, na kwenye kioo cha kijani mstari ukalala chini, tuli.

"Washa."

Mlima.

Mzee hakusubiri niseme tena. Alitoka, tukamsikia anapekua kabati la vipuri, akarudi na ile redio yake ya mpira wa baiskeli, ambayo bosi alishasema isikae mezani wateja wakija, inatia aibu. Ndani ya Banda redio haishiki stesheni hata moja. Akaisogeza kwenye kitaa. Ikanguruma kama paka wawili kwenye gunia.

Mzee alikinunua kile kitaa kwa machinga, kwa ajili ya mwanangu, ili balbu kali isimwamshe. Mtoto akitoka, Mzee anakizima, anawasha balbu tupate kufanya kazi. Mtu ambaye angekwambia mlio wa chaja akiwa barabarani, alikaa na kile kitu miguuni mwake kila siku asikione. Nimelifikiria sana. Nadhani alikileta kama babu, hakukileta kama fundi.

"Ni mimi," akasema. Akavua kofia. "Mama Nyemo, ni mimi niliyemharibia mtoto jina."

Issa, bado amekaa kwenye godoro na kanga mabegani, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Mzee, vaa kofia. Ulitaka alale."

Nikamgeukia bosi. Nilikuwa nimehifadhi maneno tangu siku ya kitanzi, na yalikuwa mengi. Alinyanyua mkono kabla sijaanza.

"Nimekosea. Nimeona. Hiyo imeisha," akasema. Halafu akakuna kidevu. "Ila kuna mbuzi."

"Mbuzi?"

"Ameshalipiwa, na mpishi pia. Vitenge vimeshashonwa. Keki imeshaandikwa, Mama Nyemo. Imeandikwa 'Pumzika kwa Heri'. Na mjomba yuko njiani. Nitamwambia nini mjomba?"

"Mwambie mtoto hana mawimbi!"

"Mjomba hajui habari za mtoto. Anajua anakuja kuaga mstaafu."

Kwa hiyo nilistaafu. Kesho yake, mchana kweupe, watu wazima na akili zao. Mjomba aliponiona na mtoto kifuani aliuliza kama mimi ni binti wa mstaafu. Akaambiwa ndiye mwenyewe. Akasema kazi za siku hizi kweli zinachosha. Issa alitoa hotuba akasema nimeacha pengo ambalo litazibwa na mimi mwenyewe. Ninyi wawili mlikula mbavu zote za upande wa kushoto. Hakuna hata mmoja wenu aliyesimama siku ile ya rangi nyekundu kuuliza, bosi, tumezima kitu gani na tumewasha kitu gani mtoto akilala? Mlikuwepo. Mliona kile kitaa kama nilivyokiona mimi. Mimi nilikuwa na hasira, hasira inaziba macho. Ninyi mlikuwa na nini?

Jumatatu nilikuja kazini. Bosi alikuwa getini.

"Mama Nyemo, wewe si umestaafu?"

"Nimestaafu. Kwa hiyo huwezi kunistaafisha tena. Nipishe."

Akanipisha. Zaidi ya hapo, akanisalimia kwa heshima mpya kabisa, na tangu siku hiyo nikisema kitu kwenye kikao anasema tumsikilize mstaafu. Kijana anayeleta vipuri ananiamkia shikamoo. Naitikia marahaba, nisiwadanganye, inapendeza.

Nilikwenda moja kwa moja Banda. Maandishi mekundu yalikuwa yamepakwa rangi juu, vibaya, ukitazama kwa ubavu yanasomeka bado. Nikafungua. Godoro lilikuwa pale pale, shuka limefuliwa. Juu yake, ikining'inia kwa ule mpira wa baiskeli, kulikuwa na tochi ya zamani, ya bati, ile ya betri mbili nene na balbu ya nyuzi. Kiooni kimebandikwa kipande cha kitenge cha sare yangu ya kustaafia, mwanga ukawa wa njano, wa upole. Mzee Chibago alikuwa amekaa kwenye kigoda, redio mkononi, hajanitazama. Akaisogeza redio kwenye tochi. Kimya. Akaisogeza kwenye godoro. Kimya. Nikamlaza Nyemo. Mzee akaisogeza kwa Nyemo, akaishika pale kwa muda mrefu, juu ya kichwa, juu ya tumbo, kwenye nepi.

Kimya kabisa.

"Mbukwa, Nyemo," akasema.

Bodi zote za pampu nimezipima upya na zimeondoka. Ile saa ya taa tatu mliyonipa nayo nimeipima. Mlima wake unafika juu ya kioo. Nimeitundika ofisini kwa bosi, jirani na chaja yake, wapigiane kelele wenyewe.

Kwa hiyo wadogo zangu: kapasita, kipunguzi, ardhi fupi, mkono mmoja mfukoni. Na siku mashine ikiwaonyesha mlima, kabla hamjaandika jina la mtu mlangoni, zimeni kila kitu kimoja kimoja, mkianza na vile mlivyowasha kwa nia njema.

Naishia hapa kwa sababu Nyemo ameamka na anadai haki yake. Anasikika mpaka barabarani, na Bibi hajaona kitu.